Nukta Tano

Vlastimil wa redio anataka jedwali kabla ya saa tatu usiku:
safu mbili, majina mawili, mstari katikati
kama wavu.
Mstari nimeshachora. Mvua ya Olomouc inachapa turubai
juu ya udongo mwekundu wa uwanja wa kwanza,
na chai yangu imepoa mara ya pili.

Kushoto: Zdislava Hanousková, miaka ishirini na tisa,
mrefu, mita moja na sentimita themanini na nne.
Mpira wake wa kwanza wa kuanzisha
huingia mara sitini na moja katika mia.
Ukiingia, haurudi.
Usipoingia, jukwaa zima hukohoa.
Makosa maradufu: kumi na tisa katika mechi nne,
na kumi na moja kati ya hayo
(nimeyarudia kwa kalamu nyekundu)
aliyafanya akiwa anaongoza.
Jedwali halina safu ya mtu anayeogopa kushinda.

Kulia: Nestan Kiknadze wa Kutaisi, miaka kumi na tisa,
mfupi kiasi cha kupotea katikati ya waokota mipira.
Sabini na moja katika mia,
ingawa mpira wake huja kama barua ya posta,
bila haraka, na anwani imeandikwa vizuri.
Amebanwa kwenye gemu zake mara ishirini na sita,
akachomoka mara ishirini na mbili.
Saa alizokaa uwanjani: tisa na dakika hamsini.
Mwenzake: tano kasoro robo.
Sasa niambie, Vlastimil,
huyo amechoka, au ndiyo kwanza amepata moto?

Wamekutana mara mbili. Moja kwa moja.
Hapo namba zinakunja mikono na kunitazama.

Jana, nusu fainali, seti ya tatu,
mwamuzi alisema mpira wa mpinzani umetoka.
Nestan akaenda kwenye mstari, akachuchumaa,
akaitazama alama iliyobaki kwenye udongo,
ndogo kama ukucha wa mtoto,
akatikisa kichwa, akaifuta kwa kiatu:
uliingia.
Kwenye daftari langu nimeandika
nilivyofundishwa kuandika: pointi iliyopotea.

Zdislava nilimhesabia pointi zake za kwanza kabisa,
ana miaka tisa, raketi ya kuazima,
soksi moja imeporomoka.
Aliposhindwa alikuja mezani kwangu
akaomba nimwonyeshe palipoandikwa.
Aliutazama ukurasa muda mrefu.
Kisha akasema saba yangu inafanana na moja.

Kwa hiyo sikiliza nilichofanya usiku huu.
Yake ilikuwa sitini nukta tano.
Nikaipandisha.
Ya binti wa Kutaisi ilikuwa sabini na moja nukta tano.
Nikaishusha.
Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyomwongezea sukari
mgeni unayempenda
bila kumuuliza.
Miaka thelathini na nne ya kuhesabu,
na nusu ya kitu kimoja katika mia
inanifanya nisimame, nifunge dirisha, nilifungue tena.

Nusu tu. Nani angejua?
Redioni wangeisoma kati ya hali ya hewa na tangazo la rangi za nyumba.
Hakuna mpira ambao ungedunda tofauti.

Nimechuchumaa juu ya karatasi yangu.
Nimefuta moja, nimeandika mbili.
Sabini na mbili. Saba ina mkia, mtu yeyote aione.

Saa tatu kasoro dakika sita.
Kesho watu watauliza jedwali lilisema nani,
na mpira utadunda utakavyo kwenye udongo ulionyeshewa,
juu zaidi hapa, chini zaidi pale penye kiraka.
Vlastimil anapiga simu. Anataka jina.
Namsomea namba, kushoto, kulia,
kushoto, kulia,
na sauti yangu, nadhani, haikai upande wowote.

Halafu, baada ya kukata simu,
naikunja ile soksi.